Marudio ni ya Mwenye Mwalo

Karasha la Mzee Ndaki, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, lilizimwa asubuhi ile ili Mwamvua apate kusikia vizuri kwenye vifaa vyake vya sauti, na vijana wa karasha wakatumia nafasi hiyo kunywa chai na chapati. Vumbi lilitulia juu ya mabati, juu ya mifuko ya mawe, juu ya kamera iliyokuwa imefunikwa kwa kanga ya mtu. Ilikuwa siku ya kwanza ya kupiga picha hapa Nyarugusu, na Apolinari alikuwa amekwisha kuzunguka mwalo mzima, uwanja wa kuoshea dhahabu, akihamisha ndoo ileile kutoka huku kwenda kule.

Apolinari alikuwa mtu wa Ushirombo, wa ukoo ambao umetoa masista na makatekista, na yeye akatokea kuwa mpiga picha. Alikuwa na studio Kalangalala, mjini Geita, ambako aliishi kwa harusi na vipaimara. Lakini kilichomkosesha raha kilikuwa filamu yake mwenyewe, filamu ndefu, juu ya watu wa mji ule wanaopishana kila siku bila kujuana: mwendesha bodaboda, mnunuzi wa dhahabu na mwanamke anayegonga mawe. Mwishoni watatu hao wangekutana dukani kwa mnunuzi, mwanamke angesema hapana, na mji mzima ungesikia. Hakuwa na mfadhili. Alikuwa ameandika mwanzo mwingi na kuuchana wote. Akikaa anataka kusimama, akisimama anataka kutoka, na Mwamvua, binti wa Tanga aliyeshika sauti katika kazi zake zote, alimwambia wazi kwamba anahangaika kama kuku anayetaka kutaga.

Mwanamke wa filamu alimpata hapohapo mwaloni. Aliitwa Melania, Mama Kabula kwa wanaomheshimu, na kazi yake ilikuwa hiyohiyo ya kugonga mawe kwa nyundo kabla hayajaingia kwenye karasha. Siku ya kumjaribu, Apolinari alimpa maneno ya kusema. Melania aliyasikiliza, kisha akayakataa moja baada ya jingine.

“Mtu aliyegonga mawe mchana kutwa hasemi nimechoka,” alimwambia. “Anaomba maji.”

“Basi sema naomba maji.”

“Yaya. Maji ataomba kwa nani hapa?”

Mwamvua alidhani anaitwa yaya wa mtoto, mpaka vijana wa karasha walipomfahamisha kwamba kwa Kisukuma yaya ni hapana. Melania alikuwa na yaya kwa kila jambo. Bei ya dagaa, yaya. Mumewe akisema mvua itanyesha, yaya. Apolinari alirudi mjini siku ile akiwa na karatasi iliyofutwafutwa yote na furaha ambayo hakuwa ameipata tangu anunue kamera.

Mzee Ndaki, mwenye mwalo, alitoa eneo bure. Alikuwa mzee mpole, mwenye kiti chake cha plastiki na redio yake, na alisema hataki kitu chochote isipokuwa wafuate taratibu za mwalo. Apolinari alikubali hata kabla mzee hajamaliza kusema.

Taratibu za mwalo ni hizi, na hakuna mtu Nyarugusu asiyezijua. Mawe husagwa, unga wake huoshwa kwa maji na zebaki, na kile kidogo kinachonaswa na zebaki ni cha aliyeleta mawe. Mchanga unaobaki huitwa marudio, kwa sababu huja kurudiwa baadaye kwa dawa ya sianidi na matangi, na marudio ni ya mwenye mwalo. Watu pia wanajua kwamba dhahabu iliyo nyingi ni ile inayobaki kwenye marudio. Wanajua na wanaendelea kuosha, maana karasha si lao.

Sasa Apolinari alikuwa na fahari moja. Hakutaka Kiingereza kwenye lokesheni yake. Wenzake wa Dar es Salaam waseme wanavyosema, kwake yeye kuanza kulikuwa “Anza!”, kumaliza kulikuwa “Basi!”, na pale picha isipompendeza alikuwa ameamua kutumia neno zuri alilozoea kulisikia kwenye televisheni, wanapotangaza kipindi kinachooneshwa mara ya pili.

Melania alitoka kwenye rundo la mawe na ndoo kichwani, akavuka uwanja, akafika kwenye karasha.

“Basi!” alisema Apolinari. “Marudio!”

Vijana wa karasha walishusha vikombe vyao. Mzee Ndaki, kwenye kiti chake, alipunguza sauti ya redio na kutikisa kichwa kukubali. Melania akageuka, akarudi hadi kwenye rundo alikoanzia. Na pale kwenye karasha alibaki pia Melania, ndoo kichwani, akisubiri kuambiwa aitue wapi. Kijana mmoja alimwonesha mahali.

Mwamvua aliomba tu kwamba huyo aliyebaki asikohoe karibu na maiki. Apolinari aliomba asogee kidogo, asiingie kwenye picha. Kisha wakaendelea.

Mara ya pili jogoo aliwika, ikabidi marudio. Halafu wingu likapita. Halafu hakukuwa na jogoo wala wingu, ila moyo wa Apolinari haukutulia, na moyo wake haukuwa umewahi kutulia juu ya jambo lolote tangu azaliwe. Kila aliposema neno lake Melania alirudi mwanzo na Melania akabaki mwisho. Mmoja alibaki akicheka, kwa sababu mara ile kuna mtu alikuwa amemtania. Mwingine alibaki na kikohozi tu. Mmoja alibaki akikaza na kukaza tena kitenge chake. Jua lilipofika upande wa pili walikuwa wamekaa kivulini, chini ya mabati, na mmoja wao, aliyebaki baada ya Melania kubishana na Apolinari kuhusu namna ya kushika ndoo, alikuwa anawaambia wengine kwamba wamekaa vibaya.

Jioni Melania alinawa mikono na miguu, akaaga, akatoka getini kumfuata Masudi, mwendesha bodaboda wa filamu, ambaye pia ndiye aliyewaleta. Wale wa kivulini waliponyanyuka kumfuata, mlinzi alisimama mbele yao.

“Hawa ni marudio,” alisema.

“Hawa ni waigizaji wangu,” alisema Apolinari.

Mzee Ndaki alikuja taratibu, kiti chake mkononi. “Kijana wangu, nani alitamka neno?”

“Mimi. Lakini mimi nilikuwa na maana ya kurudia picha.”

“Sisi hapa tuna maana moja,” alisema mzee bila hasira. “Kilichooshwa kwanza nenda nacho. Sijakunyima.”

Apolinari alitaka kubisha. Lakini betri za kamera zilikuwa zimekwisha, kesho yake alikuwa na harusi ya kupiga Katoro, na ndani ya mfuko wake kulikuwa na picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga maishani. Alimshukuru mzee, akaondoka.

Sehemu za mjini walizipiga Kalangalala. Huko marudio ni neno la televisheni tu, na Apolinari alilitamka mchana kutwa bila mtu yeyote kubaki nyuma. Masudi alipita na pikipiki yake njia ileile mpaka mama lishe wa pale akamuuliza kama amepotea, na aliendelea kuwa Masudi mmoja. Adam, mnunuzi wa dhahabu aliyejiigiza mwenyewe dukani kwake, alipima na kupima tena, naye alifunga duka akiwa mmoja.

Siku ya picha ya mwisho Masudi alichelewa. Aliendesha kama mtu aliye peke yake, lakini Melania alikuwa nyuma yake.

“Nilimpitiliza,” alieleza. “Nimefika hadi stendi, nikageuka kununua vocha, ndiyo namwona. Nilisahau nimebeba mtu.”

Melania alisema ni sawa.

Picha yenyewe ilikuwa rahisi. Nje mvua, ambayo Mwamvua aliitengeneza kwa mpira wa maji. Mlangoni Masudi, amejibanza. Kwenye kaunta Adam anaweka mzani, anataja bei anavyotaka yeye, anamsukumia mwanamke mkono wenye fedha. Mwanamke anatazama mzani, anamtazama mnunuzi, anasema hapana.

“Anza!”

Adam alisukuma mkono. Melania alitazama mzani, akamtazama Adam.

“Sawa,” alisema.

Apolinari alimkumbusha neno. Melania alisema ndiyo, amelielewa. Wakarudia, akasema sawa. Wakamwambia aseme kwa Kisukuma. Alisema ndiyo, halafu akasema sawa. Apolinari alitoka nje, akazunguka duka, akarudi, akatoka tena. Adam, ambaye katika miaka yake ya kununua dhahabu hakuwa ameona mtu akikubali kwa wepesi vile, alianza kuona haya na akaomba wapumzike. Mpira wa maji uliachwa ukimwaga. Apolinari alisimama kwenye tope lile akaelewa kilichobaki Nyarugusu. Filamu yote ilikuwa inakwenda kwenye neno moja, na neno hilo lilikuwa limekaa kivulini kwa Mzee Ndaki.

Kesho yake mume wa Melania alifika studio. Aliitwa Mayala, mchimbaji, mtu mrefu mwenye aibu, na alikaa kwenye kiti cha kupigia picha za paspoti kwa sababu hakukuwa na kingine.

“Shikamoo, Bwana Picha,” alisema, ingawa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa.

“Jamani, mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo.”

“Malahaba. Mke wangu umemludisha pungufu.”

Apolinari alihamisha taa ya studio kutoka huku kwenda kule.

“Mwanzoni nilifulahi,” aliendelea Mayala. “Nasema tulime dengu, ndiyo. Nasema tusilime dengu, ndiyo. Jilani amekuja kuomba jembe, kampa. Mwingine kaja kuomba jembe hilohilo, kampa na huyo, sasa wanagombana kwangu. Kabula anasema haendi shule, mama anasema sawa. Nyumba haina mtu wa kuizuia. Mimi nilizoea nikisema jambo lipate yaya kwanza, ndiyo nijue kama ni jambo gete, jambo la kweli.” Alitazama mikono yake. “Ninamkumbuka, Bwana Picha. Amekaa pale pale mbele yangu anapepeta mchele, na ninamkumbuka.”

Walikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti aliwasikiliza kwa makini, akauliza neno lilitamkiwa ndani ya uzio au nje ya uzio. Apolinari alisema ndani. Mwenyekiti alisikitika kwa dhati, akawaagizia soda, na akasema akianza kuwarudishia watu marudio yao, kesho wilaya nzima itakuwa mlangoni kwake na ndoo.

Basi wakaenda kwa mzee mwenyewe: Apolinari, Mayala, Melania, na Mwamvua aliyekuja na vifaa vyake kwa sababu hakuwa na pa kuviacha.

Wale wa kivulini sasa walikuwa wanagonga mawe. Walikuwa na nyundo kila mmoja na sahani za ugali zilizowekwa pembeni, na Mzee Ndaki alieleza kwamba wote kwa pamoja hawamalizi ugali wa mtu mmoja. Anayekaza kitenge alikuwa anakikaza. Anayecheka alicheka walipoingia. Yule mbishi alikuwa amekaa mbele ya wenzake, amempa mgongo mzee, na hata kabla ya salamu alimwambia Mayala kwamba amefunga vifungo vya shati vibaya. Mayala alivitazama vifungo vyake, na macho yakamjaa machozi.

“Mimi si mtu mbaya,” alisema Mzee Ndaki baada ya kuelezwa shida yao. “Taratibu zinasema mtu aondoke na kimoja. Hazikusema kipi. Geti hili litamtoa Mama Kabula mmoja. Chagueni.”

Apolinari alipiga hesabu ya haraka, na hesabu ilimpendeza: Mayala angepata mke wake, filamu ingepata neno lake, mzee asingepungukiwa. Alimtazama Mayala. Mayala alikuwa anamtazama yule mbishi, halafu Melania aliyekuja naye, halafu chini.

“Mama Kabula,” Mayala alimwambia huyu aliyekuja naye, kwa sauti ndogo, “wewe ukibaki hapa kidogo…”

“Sawa,” alisema Melania. Aliweka chini mkoba wake, akaenda kukaa kivulini, akanyoosha mkono kuomba nyundo.

“Yaya,” alisema yule mbishi.

Alisimama. Alijipangusa vumbi, na wagongaji wengine wakasimamisha nyundo zao.

“Twende nyumbani,” alisema Mayala. “Kabula anakuulizia.”

Neno hilo lilimgusa, na kila mtu aliliona likimgusa. Alimgeukia yule aliyekaa. “Nani anamsuka Kabula?”

“Mimi.”

“Akikataa kusukwa?”

“Namwacha.”

“Akisema hataki shule?”

“Namwambia sawa.”

Mbishi alifumba macho kidogo. Kwa muda Apolinari aliamini kwamba atachukua mkoba ule pale chini na kutoka nao. Hakuuchukua.

“Huyu ni mimi,” alisema. “Mnamwacha hapa, mzee atamwambia agonge na yangu na ya hawa wote, atasema sawa. Atamwambia akeshe, atakesha. Ataambiwa aingie kwenye tangi la dawa akachote matope, ataingia. Yaya. Siwezi kwenda kulala kwangu nikiwa nimejiacha hapa.”

“Na wewe ukibaki utafanya nini?” aliuliza Mayala.

“Nitakataa.”

Mzee Ndaki alithibitisha kwamba ni kweli. Mama huyu hukataa kila siku, alisema, tena kwa heshima, na kazi inaendelea.

“Mayala,” alisema mbishi. “Kabula umkataze wewe.”

“Mimi sijui.”

“Utajifunza. Funga vifungo.”

Aliuokota mkoba, akampangusia vumbi yule mwenzake, akamwinua kwa kumshika kiwiko kama unavyomwinua mgonjwa, akamvisha mkoba begani na kumsogeza upande wa geti. Kisha akarudi mahali pake, akapiga jiwe. Mayala alifungua vifungo vyote vya shati na kuvifunga upya, polepole, kwa mpangilio.

Ndipo Apolinari alipoona taa nyekundu ya kamera. Kamera ilikuwa inaning’inia shingoni mwake, lenzi mbele, na inarekodi. Hakukumbuka kuiwasha, ingawa vidole vyake vimeizoea kiasi kwamba huenda viliiwasha bila kumuuliza. Alijua palepale kwamba hiyo ndiyo picha ya mwisho. Ilikuwa bora kuliko ile ya duka, bora kuliko chochote alichoandika na kuchana, na haikuhitaji mvua. Furaha ilimpanda, na aibu ikaja nyuma yake, na hazikuzuiana.

“Sauti imeingia vizuri,” alisema Mwamvua, akitazama pembeni.

Yule mbishi aliinua uso kutoka kwenye jiwe lake. “Unayo?” alimuuliza Apolinari.

“Ninayo, Mama Kabula.”

“Basi usiseme lile neno lako.”

Hakulisema. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuchukua kitu kama kilivyotoka.

Filamu ilioneshwa mjini Geita, kwenye ukumbi wa harusi, mapambo ya harusi ya jana yakiwa bado ukutani. Watu walijaa mpaka madirishani. Masudi alipigiwa makofi kila alipopita. Adam alilalamika kwamba ameonekana mnene. Lakini ukumbi ulinyamaza pale mwanamke alipojipangusa vumbi na kusema yaya, na mwanamke mmoja nyuma akaitikia yaya, na mwingine, mpaka ikawa ukumbi mzima, pamoja na wanaume walioleta mawe kwa Mzee Ndaki juma lile na ambao wangeleta tena juma lijalo. Mzee mwenyewe alikaa mstari wa mbele, katika suti. Jina lake lilitajwa mwishoni katika shukrani, kwa kutoa eneo. Alishikana mikono na watu wengi, kisha akaondoka mapema, kwa sababu karasha lilikuwa linafanya kazi.

Watu wa kutoka Mwanza walimuuliza Apolinari alimtoa wapi mwigizaji yule. Aliwaonesha Melania, aliyekuwa amekaa karibu na mlango pamoja na Mayala na Kabula. Kabula alikuwa amesukwa nusu ya kichwa. Walimwuliza kama kweli ni yeye, akasema ndiyo. Walimwambia ana kipaji kikubwa, akasema ndiyo. Walimwomba aigize katika filamu yao, bila malipo kwa kuanzia, akasema sawa, na ni Mayala aliyesimama, akakohoa, akasema yaya, sauti ikimkwama kwa ugeni wa neno.

Apolinari aliwasindikiza Melania na familia yake nje. Alikuwa na filamu, alikuwa na makofi, na bado hakuweza kusimama mahali pamoja. Alikuwa anazunguka pikipiki ya Masudi huku na huku kama vile ameangusha funguo. Hatimaye alisimama mbele ya Melania.

“Mama Kabula, umeipenda?”

“Ndiyo.”

“Nilikosea kuitumia ile ya mwisho?”

“Ndiyo.”

Ndani ya ukumbi watu walikuwa wanaomba ioneshwe tena.

“Au nilifanya sawa?”

“Ndiyo,” alisema Melania, kwa upole uleule, na akapanda pikipiki. Masudi akapeleka mkono nyuma kuhakikisha kwamba amebeba mtu, ndipo akawasha.